Barua ya wazi kwa Naibu Chansela: zile damu zina wenyewe, na wenyewe hawajaambiwa

Kwa:
Naibu Chansela,
Mwenyekiti wa Baraza la Chuo na wajumbe wote,
Mkurugenzi wa Utafiti.

KUH: FRIZA YA GHOROFA YA TATU

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Hii ni barua ya tano. Zile nne za kwanza nilizileta kwa mkono nikangoja zigongwe muhuri, nakala ninazo, ya Septemba 2023, ya Februari 2024, ya Aprili 2025 na ya Julai 2025, na hakuna hata moja imejibiwa, hata ile ya "tumepokea, tutakujulisha" sikuiona. Kwa hivyo leo naandika mbele ya watu, kuhusu friza ya maabara yangu iliyoachwa ikayeyuka na damu za wazee tuliowachota kwa utafiti. Jina la chuo nimeliacha makusudi, kuna watoto wanasoma pale na hawana makosa, lakini nyinyi mnajijua na mwenye macho haambiwi tazama.

Kwa wale hawanijui, mimi ni mtafiti wa ubongo. Nachunguza kwa nini seli za ubongo wa mtu mzima zinaanza kufa pole pole kabla mwenyewe hajafa, yaani ugonjwa wa kusahau, Alzheimer na ndugu zake, na ule wa kutetemeka, Parkinson. Miaka 17 sasa. Mamangu huwaambia wenzake kanisani ati msichana wake alisomea kusahau, na wanacheka sana. Miaka minane kati ya hiyo nilikuwa Ulaya kwa maabara za watu, na kila mara nilikuwa nabaki na swali moja, hawa wote tunawapima ni wazungu, sasa kwetu je?

Na si swali la kiburi. Mwaka 1992 watafiti wa Ibadan kule Nigeria pamoja na wenzao wa Indianapolis, Marekani, walianza kuwafuata wazee wa pande zote mbili, na matokeo yakatoka 2001: wazee wa Ibadan walikuwa wanapata dimenshia, yaani huu ugonjwa wa kusahau, kwa asilimia 1.35 kwa mwaka, wazee weusi wa Indianapolis asilimia 3.24. Tena ile jeni ya APOE e4, inayoongeza hatari ya Alzheimer na ambayo ukiwa nayo Ulaya daktari anakunja uso, Ibadan haikuonyesha ile hatari kubwa. Mwaka 2023 ikatoka nyingine, watafiti wa Nigeria na wenzao wa ng'ambo wakapata badiliko kwa jeni ya GBA1 linaloongeza hatari ya Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika, ukiwa na nakala moja hatari inapanda kama mara moja na nusu, ukiwa na mbili kama mara tatu na nusu, na miaka yote hiyo halikuwa limeonekana juu wanaopimwa sio sisi. Hilo swali la kwetu je ndilo lilinifanya nipande ndege nirudi Nairobi, hata kabla ya hiyo ya 2023. Nilirudi na friza moja ya mainasi 80, yaani nyuzi 80 chini ya sifuri, ya mitumba lakini nzima, maabara niliyotoka walinipa.

Sasa malalamiko yangu. Nitayapanga kwa namba ili mkijibu mjue mnajibu nini.

1. Friza iliachwa ikayeyuka.

Ijumaa Kuu ya mwaka 2025, tarehe 18 Aprili, kama saa nne usiku, swichi kubwa ya jengo letu iliruka. Sio stima ya mtaa ilipotea, la, jengo la utawala pale ng'ambo lilikuwa na taa mpaka za bustani. Jengo letu lina jenereta, ile ilizinduliwa kwa utepe na soda na picha tukapigwa wote tumesimama mbele yake. Haikuwaka kwa sababu tangi lilikuwa tupu. Halikuwa limepungua, lilikuwa tupu kabisa, fundi alipochovya kijiti Jumanne kilitoka kikavu.

Friza yenyewe ina kengele, ikipata joto inatuma meseji kwa simu yangu. Lakini hiyo kengele inatumia laini ya simu, na laini inataka kredo. Barua yangu ya Februari 2024 ilikuwa inahusu hiyo laini peke yake! Nilikuwa nimechoka kuiwekea kredo kutoka mfukoni, nikaomba iingizwe kwa bajeti ya chuo, shilingi 200 kwa mwezi, ofisi ya ununuzi ikasema nilete kotesheni tatu. Kotesheni tatu za kredo. Nikaendelea kuweka yangu, Aprili 2025 nikasahau, naam, mimi mtafiti wa kusahau, na hilo nalikubali mbele ya kila mtu.

Jumanne tarehe 22 asubuhi nilifungua mlango wa maabara nikakanyaga maji. Kipimajoto cha friza kilikuwa kinasoma 14. Sio mainasi.

Na msiseme hamkuonywa. Agosti 25, 2023 stima ilipotea nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukakaa giza, mnakumbuka, na usiku huo mimi na mwanafunzi wangu mmoja tulizunguka Industrial Area kutafuta barafu kavu, ile ya gesi ya kaboni iliyogandishwa, tukaipata asubuhi, tukaipakia kwa teksi madirisha yote wazi juu ule moshi wake ukikujaa kwa gari unakukosesha pumzi. Tukaiokoa friza. Wiki iliyofuata ndiyo niliandika ile barua ya kwanza, na sentensi yake ya pili inasema hivi: naomba tangi la jenereta likaguliwe kila mwezi.

2. Mmesema "ni damu tu".

Hayo maneno yalisemwa kwa kikao, na mimi nikiwa nimekaa hapo. Wacha basi niwaeleze ni damu gani.

Kuanzia 2018 mpaka 2024, ukitoa mwaka wa korona tuliposimama, tulikuwa tunawafuata watu 312 wa Nairobi wenye umri wa miaka 60 kwenda juu. Kila mwaka tunawachota damu, tunawapima kumbukumbu, na wachache waliokubali tunawatoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Hivyo vipimo vya kumbukumbu vyenyewe vilitutesa, vile vya kizungu vinamwambia mtu achore saa ya ukutani, sasa shosho hajawahi kushika kalamu unamwambia achore saa, si umeshamwangusha kabla hajaanza? Tukachukua kile kilitengenezwa Tanzania, wilaya ya Hai, kinachotumia njiti za kiberiti, unapanga njiti naye anakuigiza. Hapo watu wakafunguka, wengine wakaanza kushindana.

Kuna mama mmoja wa Kangemi, mwalimu mstaafu. 2018 alipita vipimo vyote na akanisahihishia Kiswahili cha fomu. 2021 alishuka matatu kwa stage yake ya kila siku akasimama pale hajui aende wapi. 2024 alimuuliza binti yake, "wewe ni wa nani?" Majirani waliishasema amerogwa, wengine wakasema ni uzee tu. Kwa friza nilikuwa na damu yake ya kila mwaka, kabla, katikati na baada, na hiyo ndiyo mali yenyewe, juu haya magonjwa yanaanza miaka mingi kabla ya dalili, protini za amiloidi na tau zinajikusanya ubongoni kimya kimya mtu bado anafundisha na kuimba kwaya. Siku ya kwanza nilipomchota aliniambia, "chukua, lakini usiipoteze vile watoto hupoteza penseli."

Kuna mzee fundi wa cherehani wa Kariobangi. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka, uzi ukakataa kuingia kwa sindano, wateja wakasema ni pombe na mzee hajawahi kuonja. Mke wake ndiye alitueleza kitu kikubwa bila kujua, ati miaka mingi kabla ya huo mtetemo mzee alikuwa ameacha kusikia harufu hata ya omena ikiungua jikoni. Pua kupoteza harufu mapema ni dalili ya Parkinson inayojulikana, lakini nani huenda hospitali ati hasikii omena? Mkono unapoanza kutetemeka, karibu nusu au zaidi ya zile seli za kutengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kusogea, zimeshakufa. Huyo mzee alikubali sindano ya mgongo mara mbili, akiogopa, ameshika mkono wa kijana wake. Siku hizi anakunywa dawa ya levodopa na inamsaidia kushona tena, ingawa bei yake inamla. (Na mjue levodopa imo kwa mbegu za upupu, huu huu upupu wetu wa kuwasha, lakini tafadhali mtu asiende kutafuna, kipimo chake hakitabiriki.)

Vichupa vya hawa watu na wenzao vilizidi 4,000. DNA nyingi itaokoka, ni ngumu, haiharibiki upesi. Lakini protini, ambazo ndizo nilikuwa nangojea kuzipima, baada ya siku tatu na nusu kwa joto siwezi tena kuziamini. Na hamuwezi kuniambia nichote upya. Damu ya 2018 haichotwi 2025. Kati ya wale 312, watu 71 wamekufa.

Kinachoniuma hata zaidi ni hii. Mei 16, 2025, siku 24 baada ya mimi kukanyaga yale maji, Marekani waliidhinisha kipimo chao cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer, kinaangalia hiyo hiyo tau na amiloidi. Zamani ilikuwa lazima upigwe skani ya bei ya gari au utolewe maji mgongoni. Swali la kila mtu sasa ni kama viwango vya hicho kipimo vinafanya kazi kwa watu wetu vilevile, juu data nyingi ni ya wazungu, na jibu la Nairobi lilikuwa ghorofa ya tatu.

Mwaka 1906 Alois Alzheimer alieleza ugonjwa wa mama mmoja aliyeitwa Auguste Deter. Faili ya huyo mama na vipande vya ubongo wake vilikuja kupatikana miaka ya 1990 kule Ujerumani, vimekaa salama karibu miaka 90, vita viwili vya dunia vimepita, na wataalamu wakavisoma tena. Sisi tumeshindwa na Pasaka moja.

3. Barua ya kujieleza mmempa askari.

Mtu pekee aliyefanya kitu usiku ule ni askari wa zamu. Alisikia friza inalia, akapanda ghorofa ya tatu na tochi, akapiga ile namba ya dharura iliyobandikwa ukutani. Namba ni ya mtu alistaafu 2022 na yuko kwao shambani. Akajaribu kuwasha jenereta, ikakataa. Akaandika kwa kitabu cha zamu, nimekisoma, mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Huyo ndiye mmempa barua ajieleze kwa nini asifutwe! Mwenye funguo za dizeli hajaulizwa hata swali moja. Aliyekata bajeti ya matengenezo hajaulizwa. Nyinyi wenyewe mnaona hiyo ni sawa?

4. Asilimia 20.

Kila shilingi niliyoleta kutoka kwa wafadhili, chuo kilikata asilimia 20 juu kwa juu, na mkataba unasema ni ya stima, maji, ulinzi na matengenezo ya maabara. Sijawahi kulalamikia huo mkato, ni haki. Nauliza tu, ilinunua nini? Hilo swali nimeliuliza kwa barua tatu kati ya nne.

5. Kimya.

Na hapa ndipo nimekasirika zaidi, hata kuliko friza. Miezi yote hii hakuna mshiriki hata mmoja ameambiwa. Mimi nimekatazwa kuwaambia, eti mpaka kamati ikae. Fomu ya ridhaa ambayo hao wazee walisaini, wengine kwa kidole gumba, inasema sampuli zitatunzwa kwa usalama na wakitaka kujua ziko wapi wataambiwa. Tuliisoma kwa Kiswahili, Kikuyu, Kikamba na Dholuo, sentensi kwa sentensi. Hiyo ilikuwa ahadi, na ilikuwa na nembo ya chuo juu.

Mzee wa cherehani alinipigia simu mwezi uliopita kuuliza kama yale maji ya mgongo wake yametoa majibu. Nikamwambia bado tunafanya kazi. Nilidanganya mtu mzima aliyechomwa sindano mgongoni kwa sababu yangu, na nililala vibaya.

Sasa najua mtasema nini, wacha nijibu mapema tusipotezeane wakati.

Mtasema hakuna pesa. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 imeandika kwamba Hazina itoe asilimia 2 ya pato la taifa kwa mfuko wa utafiti, na sote tunajua hiyo asilimia 2 tunaisikia tu kama hadithi ya sungura na fisi, hapo niko upande wenu na niko tayari tuandamane pamoja hadi Treasury. Lakini mimi sikuomba asilimia 2 ya taifa, niliomba dizeli na kredo ya mia mbili.

Mtasema kipaumbele ni malaria, ukimwi na TB. Wenzangu wa malaria wako ghorofa ya kwanza na friza zao zinategemea hilo hilo tangi, walipona tu kwa sababu mmoja wao alikuja kazini Jumamosi. Na pia hii ya kusema kusahau ni ugonjwa wa wazungu imepitwa, Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 57 wenye dimenshia mwaka 2021 na zaidi ya asilimia 60 wako nchi za kipato cha chini na cha kati. Wako Umoja, wako Kawangware, wamefungiwa ndani na watoto wao wanaoenda kazini kwa sababu hawana mtu wa kuwaachia.

Mtasema ningetuma nusu ya sampuli ng'ambo. Hii ndiyo inaniuma kwa kweli. Mwenzangu wa Ulaya aliniomba nusu mwaka 2022, friza zake ziko na jenereta mbili, na mimi nilikataa. Nilisema damu ya Waafrika imebebwa ikaenda vya kutosha, hii itakaa hapa, itasomwa hapa na wanafunzi wetu. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu, na nyinyi mlinipigia makofi, Mheshimiwa Naibu Chansela ulisimama kabisa. Bado naamini nilichosema. Lakini ningejua yale makofi hayakuwa na dizeli ndani yake ningetuma. Hilo ni kosa langu na nitalibeba.

Mtasema ningefuata njia rasmi. Mihuri minne ninayo.

Ninachoomba ni hiki:

Kwanza, wale washiriki 241 walio hai na familia za wale 71 waambiwe ukweli, kwa barua yenye sahihi ya Naibu Chansela mwenyewe, kwa lugha wanayoielewa, na waitwe kwa mkutano wa ana kwa ana walipwe nauli. Aulizaye ajibiwe. Atakayetaka kujitoa na DNA yake iharibiwe, aruhusiwe bila kubembelezwa.

Pili, barua ya askari ifutwe, kwa maandishi, leo.

Tatu, hesabu ya ile asilimia 20 kwa miaka mitano iliyopita itolewe, na kabla ya hesabu kuisha dizeli iwekwe, namba ya dharura ibadilishwe, na kengele zote za friza za jengo ziwe kwa laini moja inayolipwa na chuo.

Nne, aje mkaguzi kutoka nje ya chuo aangalie friza zote, sio yangu tu. Mimi pia anikague.

Cheo sitaki, friza mpya siombi kwa barua hii, na sitaki kuitwa ofisini kwa chai nielezwe vile mambo ni magumu.

Nawapa siku 21 kuanzia leo. Zikipita kimya, nitaenda kuwaambia mwenyewe, mlango kwa mlango, kamati ikae isikae, na kama ni kuandikiwa barua ya kujieleza basi tutakuwa wawili na askari. Nitaanza Kangemi kwa mwalimu, halafu Kariobangi. Gari la chuo nimeliomba kwa fomu ya kawaida, fomu iko kwa meza ya afisa wa usafiri tangu Jumatatu, inangoja sahihi.

Wenu katika kazi,

Mtafiti wa ubongo,
Ghorofa ya tatu,
Nairobi.

Nakala: Kamati ya Maadili ya Utafiti, chama cha wafanyakazi, askari wa zamu ya usiku.